Tusifunike rejeta kwa matambara



Naomba nafasi katika ukurasa huu nitoe dukuduku langu kuhusu maji ya kupozea injini. Mimi ni dereva wa lori. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiteremsha kabichi, njegere na viazi kutoka Nyandira na Langali, huko Mgeta, hadi Morogoro mjini.

Hivi karibuni kijana mmoja msomi alitueleza kijiweni habari za magari ya haidrojeni. Magari hayo hayachomi dizeli, bali hujitengenezea umeme ndani ya seli zenye joto la nyuzi 60 hadi 80 tu. Nikadhani basi kuyapoza ni kazi rahisi. Kumbe hapo ndipo penye taabu! Katika injini zetu joto jingi hutoka na moshi kwenye ekzosi, lakini katika seli hizo karibu joto lote la ziada hutegemea maji, na maji yenyewe hayaizidi sana hewa ya nje. Siku Morogoro ikifika nyuzi 33, rejeta itakuwa na kazi kubwa. Ndiyo maana wataalamu wanajaribu kutia ndani ya maji chembe ndogo mno za oksaidi ya aluminiamu au ya shaba ili yabebe joto upesi. Maji hayo yaliitwa nanofluidi mwaka 1995 na Stephen Choi wa maabara ya Argonne, Marekani. Lakini bado yana matatizo: chembe hutuama, huziba njia na kula pampu, na maji ya seli hayatakiwi kupitisha umeme.

Sayansi hiyo siibezi hata kidogo. Ila sisi huku hata maji ya kawaida yametushinda.

Gari nililokuwa nikiendesha lilipoteza mfuniko wa rejeta. Tajiri akakataa kununua mwingine. Tukafunika kwa tambara na kulikaza kwa mpira wa tairi. Tulipokuwa tukipanda Mgeta na mzigo wa mbolea, injini ilichemsha. Utingo akalivuta lile tambara, maji yakamrukia kifuani na usoni. Alilazwa wiki tatu. Nami nastahili lawama, kwani nilijua na bado nikashika usukani.

Mfuniko ule si kizibo cha chupa. Una springi inayobana mvuke ili maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Bila mfuniko, maji huchemka nyuzi 100 kule pwani, na ukifika mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yaani kadiri unavyopanda, ndivyo yanavyochemka mapema, na hapo gari lina mzigo, liko gia ya kwanza, halipati upepo ila wa feni. Halafu utingo hushuka na dumu kuchota maji ya mto yenye tope, yakaongeza uchafu ndani ya rejeta. Wengine hung'oa themostati wakisema wanaipa injini nafuu. Wakati wa kuteremka injini inakuwa baridi na kunywa mafuta ovyo.

Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama magari hukaguliwa breki, taa na matairi. Nawaomba wahusika wafungue na boneti, waangalie mfuniko na maji yaliyomo. Na ndugu zetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na VETA Kihonda, ambao milima ya Uluguru wanaiona kila asubuhi, kwa nini wasiyapime maji hayo mapya katika barabara ya Mgeta, penye jua na mwinuko wa kweli, badala ya kungoja majibu ya nchi za baridi?

Kwenu matajiri wa malori, bei ya mfuniko haizidi gunia moja la kabichi. Yule kijana amerudi kazini, lakini rejeta hataki tena kuisogelea.

Dereva wa Mgeta,
Morogoro.