Mbwa huyu ni wa ziwa gani?

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa nikitoka sokoni Kibuye pamoja na mpwa wangu wa gredi ya sita. Tulipofika karibu na Kondele tukamwona kijana mmoja aliyesimama kando ya barabara na katoni miguuni pake. Ndani ya katoni mlikuwa na vilebu watatu. Mmoja alikuwa mweupe, mwenye doa la kahawia jichoni na miguu mifupi kama ya kigoda. Mpwa wangu alipomwona, safari yetu ilikwisha hapo hapo.

"Mkubwa, huyu ni teria," kijana yule aliniambia. "Anaitwa Lakeland, maana yake mbwa wa ziwa. Joto la hapa Kisumu ndilo lake."

Alitaka Sh15,000. Tulivutana mpaka tukaelewana kwa Sh9,000, pamoja na kadi ya chanjo iliyogongwa muhuri. Nakiri kwamba lile neno "ziwa" ndilo lililonilainisha. Ni nani kati yetu sisi wa pwani hii ya Winam ambaye hangependa kuwa na mbwa wa ziwa?

Mpwa wangu ndiye aliyeivumbua kasoro. Wiki iliyofuata alikwenda maktaba akarudi uso umemshuka. "Mjomba, Lakeland wa kwenye kitabu ana manyoya ya kusokotana na miguu mirefu. Tena hilo ziwa si letu."

Naam, hilo ziwa si letu kabisa. Lakeland ni eneo la milima na maziwa kaskazini mwa Uingereza, mahali penye mvua na baridi. Ziwa lao lililo kubwa kuliko yote, Windermere, lina urefu wa kilomita 17 hivi tu, na ukilitia katika Ghuba ya Winam utahitaji mvuvi wa kukuonyesha lilipo. Wakulima wa huko walikuwa wakisumbuliwa na mbweha waliokula wanakondoo, ndipo wakafuga mbwa mdogo mwenye moyo mkubwa, anayeweza kumfuata mbweha hadi katikati ya miamba. Hakuna samaki wala mtumbwi katika habari hiyo.

Basi, ndugu msomaji, kwa kuwa nilikuwa nimeshapunjwa, niliona heri nijifunze walau hayo majina, ili nikipunjwa tena iwe kwa jambo jingine.

Neno teria lenyewe linatokana na neno la Kilatini la ardhi. Huyu ni mbwa wa kuingia ardhini. Kazi yake ya asili ni kujipenyeza katika shimo la mbweha au la nyegere wa Ulaya, kubweka na kumkabili humo gizani, mpaka mnyama atoke mwenyewe au wenye sepeto wafukue. Ndiyo sababu teria wengi ni wadogo, wenye taya imara na vichwa vigumu kwa kila maana ya neno hilo. Mbwa anayesubiri amri ya bwana wake hawezi kufanya kazi peke yake chini ya ardhi. Ukimfuga mjini usishangae akikataa kusikia unapomwita.

Wengi wao walipewa majina ya mahali. Border ni wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Bedlington ni mji wa wachimba makaa ya mawe. Airedale ni bonde la mto Aire huko Yorkshire, na huyo ndiye mkubwa wa ukoo mzima. Alikuzwa katika karne ya 19 ili awinde fisi maji mitoni. Laiti kijana wa Kondele angelijua hili, angeniuzia Airedale, kwa kuwa fisi maji tunao katika ziwa letu na wavuvi wanawafahamu vizuri kwa ufundi wao wa kupora samaki nyavuni!

Wengine huitwa kwa kazi au kwa mchanganyiko wa damu. Fox Terrier ni wa mbweha. Rat Terrier, ambaye ni Mmarekani, ni wa panya. Bull Terrier alitokana na buldogi na teria waliochanganywa, na mfanyabiashara James Hinks wa mji wa Birmingham ndiye anayetajwa kuwa alimpa sura aliyo nayo tangu miaka ya 1860. Cairn ni rundo la mawe kule Uskoti, na huyo mbwa kazi yake ilikuwa kuwatoa wanyama waliojificha katika mawe hayo.

Norwich na Norfolk nao wana kisa chao. Kwa miaka mingi walikuwa aina moja, tofauti ikiwa masikio tu, mmoja yamesimama na mwingine yameanguka. Mwaka 1964 chama cha Kennel Club cha Uingereza kiliwatenganisha, na wa masikio yaliyoanguka akapewa jina la Norfolk. Hebu fikiria watoto wa mama mmoja wanaandikwa makabila mawili kwa sababu ya masikio! Na Tibetan Terrier si teria hata kidogo. Hakuumbwa kuingia shimoni, Wazungu walimpachika jina hilo tu.

Lakini majina yaliyonivutia zaidi ni ya watu. Mwaka 1819 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Oxford, John Russell, alikutana na muuza maziwa aliyekuwa na mbwa jike mweupe aitwaye Trump. Kijana alimpenda akamnunua pale pale. Baadaye alikuwa kasisi, akaendelea kuwinda mbweha hadi uzeeni, akafariki mwaka 1883. Uzao wa mbwa aliowafuga ndio unaoitwa Jack Russell hadi leo. Weupe wao ulikuwa na faida, kwani wawindaji hawakumkosea mbwa kwa mbweha mwekundu. Wa pili ni Dandie Dinmont, ambaye jina lake ni la mtu asiyepata kuishi. Dandie Dinmont ni mkulima katika riwaya ya Walter Scott iliyotoka mwaka 1815, na mbwa wake wote huitwa Pilipili au Haradali kwa kufuata rangi zao.

Je, sisi tuna majina gani? Hapa ndipo nilipoona haya. Kwa Kijaluo mbwa ni guok tu, na zamani huyo guok aliwinda pamoja na vijana wenye mikuki, akalinda boma usiku dhidi ya fisi, akafuata ng'ombe malishoni. Alikuwa na kazi tatu bila kuwa na cheti. Walowezi walipokuja walimwita mshenzi, na sisi wenyewe twamwita koko. Mbwa wa namna hiyo hiyo walichukuliwa kutoka Kongo hadi Uingereza katika miaka ya 1930, wakaonyeshwa katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937, na watu wakapanga foleni kuwatazama. Waliitwa Basenji. Jina hilo latoka Kongo, na ni ndugu wa neno letu washenzi, yaani watu wa kijijini. Kwa hiyo mshenzi wa Kongo alipanda meli akarudi na karatasi za nasaba, na bei yake sasa haikaribiki. Afrika Kusini nao wamempa mbwa wao wa kienyeji jina la heshima, Africanis. Wetu bado ni koko.

Nirudi kwa kilebu wetu. Alipotimiza miezi minne alianza kuchimba. Alichimba chini ya ua, chini ya kisima cha jirani, na siku moja akaingia nusu mwili katika shimo la panya nyuma ya jikoni. Mpwa wangu alimvuta kwa miguu ya nyuma. Mbwa aligeuka akamng'ata kidoleni, damu ikatoka.

Niliitafuta ile kadi ya chanjo. Muhuri ulikuwepo, lakini mahali pa jina la chanjo, nambari yake na sahihi ya daktari palikuwa peupe. Nikampigia yule kijana muuzaji, simu ikawa imezimwa.

Msomaji, kichaa cha mbwa hakina mzaha. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Kinachookoa ni kile kinachofanywa kabla. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtoto akilia na mimi nikihesabu saa ukutani, kisha tukakimbia hospitalini akaanzishiwa sindano siku hiyo hiyo. Usipake majani wala mafuta ya taa, wala usingoje uone kama mbwa ataugua. Daktari wa mifugo naye alituambia tumfungie mbwa na kumchunguza kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa akiambukiza ugonjwa huo wakati wa kung'ata huugua au kufa katika muda huo.

Siku hizo 10 zilikuwa ndefu. Dada yangu alipiga simu kutoka Nakuru asubuhi na jioni, na kila mara swali la kwanza lilikuwa, "Mbwa amekula?" Nilikuwa nikiamka alfajiri kwenda kumtazama kabla ya mtoto hajaamka. Mpwa wangu hakuuliza habari za kidole chake. Aliuliza kama mbwa atauawa.

Siku ya 10 mbwa alikuwa mzima, akila na kuchimba. Alichanjwa, safari hii mbele ya macho yangu na nambari ya chanjo ikaandikwa. Daktari alimkagua meno na miguu akasema, "Huyu ana damu ya Jack Russell kwa mbali, na damu ya Kondele kwa karibu." Akanieleza pia kwamba taifa letu lina mpango wa 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, na kwamba mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Ugonjwa hautambui nani ni Airedale na nani ni koko.

Mjini hakukaliki tena naye, maana jirani wa kisima alikuwa amechoka. Tukampeleka kwa mama yangu huko Seme. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Dani, yeye ni teria," mpwa wangu alijibu.

"Mjukuu wangu, sikuuliza kabila lake. Nimeuliza kazi."

Tulikaa kimya. Nilimwonya mama kwamba vijana wa jirani wasimchukue kwenda kuwinda sungura na ndezi, kwani uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Hata kule kwa kasisi Russell sheria ya mwaka 2004 imebana uwindaji wa mbweha kwa mbwa. Mama alisema hana haja ya sungura, ana haja ya mahindi yake.

Usiku huo mbwa aliingia chini ya ghala. Tulisikia vishindo, kisha kimya. Asubuhi kulikuwa na panya wanne wamelazwa mlangoni, na mbwa amelala kando yao, pua imejaa udongo. Mama alimmwagia uji katika sahani ya bati, jambo ambalo sijamwona akilifanya kwa mbwa mwingine yeyote.

Mpwa wangu, ambaye kidole chake kimepona, bado anamwita Lakeland. Mama anamwita Janam, mtu wa ziwa. Mbwa mwenyewe humwitikia yule aliyeshika sahani.