Kolye Inaregea, Shoferi Njo Analipa

Ndugu zetu ba mu mine, na ninyi bamama munaongojea mushahara ku nyumba, leo tunasemea kitu kidogo: tuyo ya upepo ya turbo, na kolye yenye kuikaza. Mutatucheka. Lakini mu miezi hii ya vumbi, kile kitu kidogo njo kinaletea bashoferi barua za kujieleza.

Hatukusikia kwa watu, tuliona kwa macho. Shoferi mumoja alikuwa anapandisha mawe kutoka chini ya kariere. Kamyo ikapoteza nguvu, moshi mweusi ukatoka, kiisha turbo ikavunjika. Primu yake ya tani ikakatwa, wakasema hajui kuendesha. Tulipofungua kaye ya kamyo, siku tatu mbele alikuwa ameandika: «turbo inapiga filimbi». Hakuna mutu alitia sinyatire. Na ile tuyo ilifungwa na waya, kwa sababu magazini haikuwa na kolye ya kipimo chake.

Bantu bengi hawajui kama tuyo ziko za namna mbili. Turbo inazungushwa na moshi wa motere. Inavuta upepo kupitia filtri, inausukuma mu radiatere ya kuupoza, halafu mu motere. Turbo ya kamyo ya barabara inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika moja. Tuyo ya nyuma ya turbo ikitoboka, inapiga filimbi, kila mutu anasikia: upepo unapungua, mazuti haiungui vizuri, na turbo inakimbia kupita kipimo. Ile ya katikati ya filtri na turbo njo mbaya zaidi, maana yenyewe inavuta. Kolye ikiregea pale hausikii kitu. Motere inameza vumbi la mawe bila kuchujwa. Vumbi linakula mabawa ya turbo, kiisha segma na pistoni, na motere inaanza kunywa mafuta. Wakubwa wanabadilisha filtri mupya kila mara, lakini vumbi linapita pembeni!

Na ule moshi mweusi, nani anauvuta? Tangu 2012, kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa kansa, cha Shirika la Afya Duniani, kinaweka moshi wa mazuti mu vitu vinavyoletea watu kansa. Kwa wenzetu wanaotumika chini ya udongo, hauna pa kutokea haraka.

Bamekanisie wanajua kazi, tusiwatukane. Motere ikiwa imezimwa na imepoa, unapitisha mukono ku tuyo yote: mupira umelegea sababu ya mafuta? umepasuka? Unapangusa mafuta ku ncha za chuma mbele ya kuvalisha. Kolye inakazwa na kle ya kipimo. Ukikaza kupita, inakata tuyo. Ukifungua tuyo kisha filtri, pitisha kitambaa cheupe ndani: kikitoka na vumbi, kamyo isitoke garaje. Yote hii haichukui hata saa moja. Lakini mekanisie anasukumwa: kamyo irudi ku kariere, tani zinangojewa. Na bila kolye mu magazini, atafanya nini kama si waya?

Tuseme na ukweli wetu pia. Bashoferi bamoja wanasikia filimbi na wananyamaza, wanaogopa kupoteza safari ya siku. Na siye badelege, tumepigania mishahara, kaye ya kamyo tukaiona ni karatasi tu. Kwa wenzetu ba sutretansi ni mbaya kupita: kamyo zimezeeka, na mara nyingi delege hakuna.

Sheria ya kazi ya 2002 inamulazimisha patro kuangalia usalama na afya ya mutumikaji. Kwa hiyo, mu mukutano ujao wa komite ya usalama, tutauliza mambo matatu: waya isirudi tena ku tuyo za turbo, mekanisie atie sinyatire mu kaye siku ileile, na primu isikatwe kama shoferi alishaandika ubaya. Mpaka siku ile, shoferi, andika. Kiisha piga foto ya ukurasa na telefone yako mbele ya kushuka ku kamyo, utuletee.