Mutoto mwenye balimufukuza

Mu kartie ya bachimbaji, tangu Kolwezi mpaka Kipushi, vijana wengi banasema banataka kuonekana ku televizio ao mu sinema. Bazazi banacheka: "Ile nayo ni kazi?" Sisi hatucheki. Tunaomba batata na bamama basikilize kwanza habari ya Rachel Mwanza.

Rachel alikuwa shege mu Kinshasa. Kwao balisema ni mulozi, balimufukuza. Alilala inje, aliomba chakula, hakujua kusoma. Kisha batu ya sinema balipita kutafuta batoto ya kucheza. Alionekana mu Kinshasa Kids, filme ya Mubeleji Marc-Henri Wajnberg. Kim Nguyen, mutu wa Kanada, alimupatia nafasi kubwa mu Rebelle: anacheza Komona, mutoto wa miaka 12 mwenye barebele banamukamata na kumubebesha bunduki.

Masomo ya teatre hakufanya hata siku moja. Filme ilichukuliwa kwa kufuata hadisi yenyewe, siku kwa siku, na bachezaji hawakupewa kujua yote mbele. Kile alileta ni akili yake na maisha yenye alipitia. Mu mwezi wa pili 2012, kule Berlin, balimupa Dubu ya Feza, zawadi ya mwanamuke mwenye kucheza muzuri kupita benzake. Ku Tribeca, mu New York, alipata ingine. Mwaka wenye ulifuata, Kanada nayo ilimuheshimia, na Rebelle ikawa kati ya filme tano zenye ziligombea Oscar ya filme ya luga ya kigeni.

Sasa tuulize: ule bulozi ulikuwa wapi?

Tunauliza juu hata kwetu inafanyika. Shimo ikikosa kutoa shaba, kompanyi ikifukuza batumishi, tata akifunikwa na udongo, kunatokea mutu wa kuonyesha mutoto kidole. Mara mingi ni yatima, ao mutoto wa bibi wa kwanza. Shimo ilianguka juu haikupigwa miti, lakini kosa inabebeshwa mutoto wa miaka saba! Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 janvier 2009 inakataza: mwenye kuita mutoto mulozi anaweza kufungwa mwaka moja mpaka tatu, na kulipa falanga 200.000 mpaka milioni moja. Pasta ao baba mukubwa, sheria ni ile ile.

Wengine batasema: basi, tuache batoto bafuate kamera. Hapana. Makofi ya Berlin haijaze sufuria. Batu ya Rebelle hawakumurudisha Rachel ku barabara kisha kazi. Balimulipia masomo na nafasi ya kulala. Mu 2014 kitabu ya maisha yake ilitoka, aliyoandika pamoja na mwandishi mwenzake. Ule mwenye hakujua kusoma, jina yake sasa iko juu ya kitabu. Kamera inapita. Masomo inabakia.

Kwa hiyo, mutoto wako akipenda kucheza teatre, umuache aingie mu kikundi cha masomo, na daftari yake mu mukono. Usimutume kusafisha mawe ku mutoni saa benzake bako mu kalasi. Hakuna mwenye anajua nini iko ndani ya mutoto mbele hajapewa nafasi. Balimufukuza Rachel juu hawakuangalia; batu ya mbali njo baliangalia.

Si kila mutoto wa barabara atapata zawadi, na haiko juu ya zawadi tunasema. Kila moja anastahili mulango. Mutoto wa jirani akifukuzwa leo magaribi, tumuingize mu lupango yetu, tumupe bukari, kesho asubui twende pamoja kwa shefu wa kartie.