Bodi Ishakufa? Nani Kaipima?

Kisa ni cha kawaida. Mwalimu mstaafu anatoka kwake Makadara, Mombasa, na laptopu yake kwapani, anaiweka juu ya meza ya fundi. Fundi anachomeka chaja, anabonyeza kitufe mara mbili, anasubiri kidogo, kisha anaifunika. "Bodi ishakufa, mwalimu. Hii ya zamani, tafuta nyengine." Rafuni nyuma yake zimepangwa hizo nyingine, mitumba iliyoingia kutoka Uingereza na Dubai.

Dakika tatu hazijatimia, na mashine iliyobeba maandalizi ya masomo ya miaka kumi, picha za arusi ya binti na nakala za hati ya nyumba imeshatangazwa maiti. Hakuna kilichopimwa.

Laptopu isiyowaka haina ugonjwa mmoja. Kuna ile iliyo kimya kabisa: haina taa, feni haizunguki, ukiisogeza sikioni husikii kitu. Hapo mshukiwa wa kwanza ni chaja. Laptopu nyingi za zamani hutaka takriban volti 19, na kipimio ambacho mafundi hukiita mita hutoa jibu kwa sekunde chache. Chaja ikiwa nzima, hutazamwa tundu inamoingia, maana kila anayejikwaa kwenye waya hulilegeza. Kisha lipo jaribio ambalo mtu anaweza kulifanya nyumbani bila bisibisi, kama betri ni ya kuchomoka kwa nje: kuondoa chaja, kutoa betri, kushikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kurudisha chaja peke yake na kujaribu tena. Umeme uliobaki kwenye saketi huweza kuikwamisha chipu inayosimamia uwashaji. Ukishatoka, baadhi ya mashine huamka kana kwamba hazikuwa na neno.

Ipo ya pili, ambayo taa inawaka, feni inavuma, lakini skrini ni giza. Hii ndiyo inayosingiziwa bodi kuliko zote. Mtu akiimulika skrini kwa tochi ya simu, kwa pembeni, na akaona maandishi yamefifia kama kivuli, basi kompyuta inafanya kazi na kilichozimika ni mwanga wa nyuma ya skrini. Akiiunganisha na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI na picha ikatokea, jibu ni lile lile: shida iko kwenye skrini au waya wake. Na mashine ikilia mara kadhaa au taa ya kibodi ikipepesa kwa mpangilio, inataja sehemu iliyoshindwa. Makampuni huchapisha maana ya hesabu hiyo kwenye vitabu vya maelekezo ya mashine zao. Mara nyingi ni kadi ya kumbukumbu iliyolegea au iliyoshika uchafu: hutolewa, miguu yake ya shaba ikasuguliwa kwa raba ya mwanafunzi, ikarudishwa.

Ya tatu huonyesha nembo kisha ikakwama. Huko huanziwa kwenye diski au programu, na bodi iliyoweza kufika kwenye nembo haistahili kuhukumiwa kabla ya hizo kuangaliwa.

Kisiwani Mombasa kuna sababu ya ziada ya kufungua kabla ya kuhukumu. Hewa ya hapa imejaa unyevu na chumvi, na shaba haipendi vyote viwili. Laptopu iliyokaa miezi juu ya kabati katika nyumba ya Mji wa Kale, dirisha likielekea bahari, huweza kuota kutu ya kijani kwenye viungio vyake. Kutu ya namna hiyo, ikiwahiwa, husafishwa kwa mswaki laini na spiriti safi. Ongeza vumbi linaloziba feni, na stima inayokatika na kurudi kwa kishindo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Kukatika kudogo kwa mitaani hakuandikwi magazetini, lakini umeme unaporudi kwa kuruka huweza kuunguza chaja. Chaja ni sehemu inayobadilishwa kwa dakika moja, wala haihitaji jeneza la laptopu nzima.

Lakini fundi asibebeshwe lawama peke yake. Mteja wa Mombasa amezoea kulipia kifaa, halipii jicho. Atatoa pesa kwa chaja mpya bila kinyongo, lakini akiambiwa alipe kwa sababu fundi alikaa saa nzima na mita akitafuta hitilafu, ataona ameibiwa. Matokeo yake ni kwamba fundi anayepima kwa makini hupata hasara, na anayeuza haraka hupata riziki. Tabia hii ndiyo inayozaa hukumu za dakika tatu. Kupima kuwe na bei yake, itajwe mapema, ilipwe hata kama jibu ni kwamba haitengenezeki. Na fundi naye, kwa malipo hayo, aandike kwenye karatasi alichopima na alichokuta. Volti za chaja ngapi, kadi ya kumbukumbu imejaribiwa au la, skrini ya nje imeonyesha nini. Mistari mitatu inatosha.

Ujuzi wa namna hiyo si mgeni kisiwani. Kwenye Bandari ya Kale, jahazi likivuja halikutupwa: fundi alitafuta mshono uliofunguka, akaukalafati kwa pamba. Na shule ya ufundi ya MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 1951, ilianzishwa ili vijana Waislamu wa pwani na Afrika Mashariki wapate kazi za mikono na mashine. Leo shule hiyo, pale Tudor, ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi ya chuo kikuu 2013. Chuo chenye asili hiyo kina haki na wajibu wa kuwafungulia mafundi wa vibandani kozi fupi za jioni za kupima bodi, na kuwapa cheti ambacho mteja atakiona ukutani.

Jambo la diski linahitaji kutajwa peke yake, kwani hapa watu huumia zaidi. Laptopu kutowaka hakumaanishi kazi zimepotea. Katika mashine nyingi za zamani diski hushikwa na skrubu chache tu. Hutolewa, ikatiwa kwenye kijisanduku cha USB, ikasomwa kwa kompyuta nyingine. Basi mwenye laptopu aitoe na kubaki nayo kabla ya kuiacha mashine dukani usiku kucha. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini sheria haiwezi kuzirudisha picha za familia zikishanakiliwa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bila malipo kama kawaida, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Zitaongezeka zitakazoitwa maiti zingali na uhai. Nyingi kati yake zinaweza kuendeshwa kwa mfumo wa Linux, ambao hauna ada.

Zinapotupwa huenda wapi? Taka za Mombasa huishia kwenye jaa la Mwakirunge, bara ya kaskazini, pamoja na betri za lithiamu ambazo zikitobolewa huwaka moto. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji abebe jukumu la bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2021 laptopu dukani huandikwa alama, kati ya 10, zinazoonyesha wepesi wa kuitengeneza. Bunge la Kenya lingeweza kudai alama hizo pia, zisomwe kwa Kiswahili, na ziihusu hata mitumba inayoteremshwa bandari ya Kilindini.

Hadi hapo, mwalimu wa Makadara arudi kwa fundi na chaja yake mwenyewe, diski akiwa ameiacha nyumbani, na swali lake la kwanza liwe bei ya kupimiwa.