Vitabu vya watoto huamuliwa na watu wazima. Wasomaji wenyewe wanasemaje?

Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni wala kuwekwa kwenye maktaba za shule. Sababu iliyotolewa ni kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili yetu. Wazazi nao walitakiwa wakague mabegi ya watoto wao. Vingi kati ya vitabu hivyo vilikuwa vya mfululizo mmoja wa hadithi kutoka Marekani, Diary of a Wimpy Kid, wa mwandishi Jeff Kinney.

Mjadala ulikuwa mkali. Tuliwasikia wazazi, walimu na viongozi wa dini. Wapo waliounga mkono na wapo waliouliza kama mhusika wa hadithi hizo, mvulana mvivu na mtundu anayeitwa Greg, anaweza kweli kuharibu taifa. Lakini katika yote niliyoyasikia redioni wakati ule, sikumsikia mtoto hata mmoja aliyesoma vitabu hivyo akiulizwa: wewe ulikipendea nini?

Msikilizaji wa kijijini utasema, hivyo vitabu sisi hatujawahi hata kuviona. Ni kweli. Vilikuwa zaidi kwenye shule binafsi za mijini zinazofundisha kwa Kiingereza. Na mzazi ana haki ya kujua mwanawe anasoma nini, hilo silipingi. Ninalouliza linatuhusu sote, mjini na shamba: mtoto anaingia wapi katika uamuzi wa kitabu chake?

Mkono hadi mkono, wote watu wazima

Fuata safari ya kitabu cha hadithi cha mtoto. Anakiandika mtu mzima. Mchapishaji ni mtu mzima, na anajua kwamba mnunuzi mkubwa siyo mtoto bali shule na Serikali. Kabla ya kitabu kuingia darasani lazima kipate ithibati, yaani kibali kwamba kinafaa, na wanaokikagua ni watu wazima. Kenya kazi kama hiyo hufanywa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Kisha mwalimu anachagua, mzazi au Serikali inalipa. Mtoto yuko mwisho wa foleni, anapokea.

Hata tuzo ziko hivyo hivyo. Kenya wana Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye vipengele vya vitabu vya watoto na vya vijana, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tanzania tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Ilianza na riwaya na ushairi, baadaye zikaongezwa hadithi za watoto. Ni jambo jema, na fedha zake si haba. Zaidi ya fedha, Serikali iliahidi kugharamia uchapishaji wa kazi za washindi na kuzisambaza shuleni. Maana yake majaji wachache wanaamua watoto wa nchi nzima watasoma nini. Majaji ni wasomi na waandishi wanaoheshimika. Ila hakuna kati yao mwenye umri wa miaka 13.

Matokeo yake unayaona kitabuni. Mwandishi anayejua kwamba kitabu kitapimwa na watu wazima, anawaandikia watu wazima. Anaweka funzo kila ukurasa. Mtoto mtiifu anapata zawadi, mtundu anavunjika mguu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano alitutumia ujumbe wa sauti kwenye kipindi chetu cha watoto akasema hadithi nyingi za shuleni anajua mwisho wake akishasoma ukurasa wa kwanza tu: yule asiyemsikiliza mama yake ndiye atakayepata ajali. Nilicheka, halafu nikaenda kuchukua vitabu vitatu pale ofisini. Viwili vilikuwa hivyo hivyo alivyosema.

Ufaransa waliwauliza

Mahali ambapo vijana wameulizwa kwa muda mrefu na kwa utaratibu ni Ufaransa. Nchi ile ina tuzo maarufu ya riwaya iitwayo Goncourt, inayotolewa na waandishi kumi. Tangu mwaka 1988 ipo ya pili pembeni yake, Goncourt des lycéens, yaani ya wanafunzi wa sekondari. Kila mwaka wanafunzi takriban 2,000 wanapewa riwaya zile zile zinazoshindania tuzo kubwa. Wanazisoma kwa muda wa kama miezi miwili wakiwa shuleni, wanabishana darasani mwalimu akiwapo, kisha wanachagua wawakilishi wa kwenda kutetea vitabu vyao mbele ya wenzao wa shule nyingine. Kura ya mwisho ni ya vijana peke yao.

Wapo waliodhani vijana wangechagua vitabu vyepesi, vya mapenzi na vichekesho. Tazama walichochagua.

Mwaka 2016 walimpa tuzo Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura kwa mama Mnyarwanda na baba Mfaransa. Riwaya yake, Petit Pays, inamhusu mvulana anayekulia Bujumbura miaka ya 1990, anaiba maembe na wenzake mtaani, mpaka vita vya Burundi na mauaji ya kimbari ya Rwanda vinapoingia ndani ya nyumba yao. Msikilizaji wa Kigoma au Kagera hahitaji kuelezwa habari hiyo, maana wakimbizi wa miaka ile walipita mbele ya mlango wake. Vijana wa Ufaransa walikuwa hawajazaliwa. Walikisoma wakasema: hiki.

Mwaka 2020 walimchagua Djaïli Amadou Amal wa Cameroon, kwa riwaya Les Impatientes. Ni habari ya wanawake watatu wa jamii ya Wafulani kaskazini mwa Cameroon. Mmoja, Ramla, anataka kuendelea na masomo, lakini anaolewa kwa nguvu na tajiri mwenye mke tayari. Mdogo wake anapewa binamu mlevi anayempiga. Kila wanapolia, wakubwa wanawaambia neno moja, munyal, yaani subira. Vumilia. Mwandishi mwenyewe aliozwa akiwa na miaka 17. Kitabu hicho kilitoka kwanza Cameroon mwaka 2017 kikiwa na neno hilo kwenye jina lake, na watu wachache wa nje walikijua. Kura za vijana wa sekondari zilisaidia sana kukipeleka duniani.

Na mwaka 2023 walichagua Triste tigre cha Neige Sinno, mwanamke anayeeleza jinsi alivyobakwa na baba yake wa kambo tangu utotoni. Wakubwa wengi wangekificha kitabu hicho juu ya kabati. Vijana walikisoma, wakakijadili darasani, wakakipigia kura.

Sisemi tuchukue mtindo wa Ufaransa mzima mzima. Wale ni vijana wa miaka 15 hadi 18, siyo watoto wa darasa la tatu. Orodha ya vitabu wanavyosoma imeandaliwa na watu wazima, na mwalimu yupo. Wao pia wana shule zenye maktaba na wanapewa vitabu. Kwetu kitabu kimoja wanagombania wanafunzi wengi. Lakini jibu la hofu yetu kubwa limeonekana pale: ukimwachia kijana achague, mara nyingi anachagua kinachosema kweli kuhusu mambo ambayo wakubwa wanayanong'ona.

Darasani kwetu swali ni lingine

Mtu atasema, mbona wanafunzi wetu wanatoa maoni kuhusu riwaya kila siku? Mtihani wa Kiswahili kidato cha nne hauwezi kupita bila swali la fasihi. Angalia basi swali lenyewe linavyoulizwa: jadili kwa kutumia riwaya mbili, toa hoja tatu kwa kila riwaya. Mwanafunzi anakariri kutoka kwenye kitabu cha mwongozo: nafasi ya mwanamke, umaskini, mila potofu, matabaka. Wapo wanaofaulu bila kufungua riwaya yenyewe, na walimu wanalijua hilo. Hakuna alama hata moja kwa anayesema, sura hii ilinichosha, au hapa nililia.

Chukua Takadini, riwaya ya Ben Hanson ambayo shule zetu zimeisoma miaka mingi. Sekai anamzaa mtoto mwenye ualbino katika kijiji ambacho desturi inataka mtoto huyo auawe, naye anakimbia naye. Nilipouliza redioni, wengi walianza kunisomea dhamira kama wako kwenye chumba cha mtihani. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaenda njia yake. Alisema alipofika pale Sekai anapotoroka na mtoto, alifunga kitabu akamtazama mama yake akipika, akajiuliza kama naye angeondoka. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, nadhani huyo binti alikisoma kitabu kuliko mwongozo wowote.

Au chukua Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, ambamo Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wakaishia kuokota jalalani. Kilichapishwa mwaka 2002, kabla wengi wanaokisoma leo hawajazaliwa. Kijana mmoja alituambia hakuelewa mambo ya ada, maana siku hizi elimu haina ada, lakini kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango anakujua vizuri. Akaongeza kwamba angependa riwaya yenye simu ndani yake. Katika vitabu vya shule, alisema, hakuna mtu anayekopa salio wala anayedanganywa mtandaoni, wala bodaboda hazipo. Wachapishaji wetu hulalamika kwamba vijana hawasomi. Huyu amewapa oda kabisa, bila malipo.

Malalamiko ya lugha ndiyo mengi kuliko yote. Mtoto anasoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, anaingia kidato cha kwanza anakabidhiwa riwaya za Kiingereza. Anayeanza kwa kutafuta maana ya maneno kumi kila ukurasa hana nafasi ya kuwa na maoni.

Haki hiyo imeandikwa

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaohusu ustawi wake. Tumezoea kuikumbuka kwenye kesi za malezi na urithi. Kitabu anachokaa nacho miaka miwili nacho ni uamuzi unaomhusu.

Kuanza hakuhitaji bajeti kubwa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ingeweza kuchukua miswada michache iliyofika mwisho katika kipengele cha watoto, ikatoa nakala kwa shule chache za mikoani, na kura za wanafunzi zikahesabiwa pamoja na za majaji. Kama watoto na majaji wakichagua kitabu tofauti, hiyo yenyewe ni habari ambayo mwandishi yeyote angeilipia. Na wenye ithibati wangeweza kusoma maoni ya watoto kabla ya kufunga au kufungua kitabu. Watoto wakisema kitabu kiliwaogopesha, hilo pia ni la kuandikwa, na huenda wizara ikapata sababu nzito kuliko zile ilizotoa 2023.

Nyumbani, kitabu kimoja kinatosha watu kumi kama mmoja anasoma kwa sauti. Kwa wadogo, African Storybook, mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi fupi za bure nyingi zikiwa kwa Kiswahili, na hazili bando kubwa ukizipakua mara moja. Hizo si riwaya, kijana wa sekondari atazimaliza akisubiri chai. Lakini mtoto wa darasa la pili anaweza kusoma tatu kwa jioni moja na kukuambia ipi haina maana.

Kipindi cha watoto kinaendelea kila Jumamosi na tunataka sauti zaidi kutoka vijijini. Mzazi mwenye simu, mpe mwanao dakika mbili arekodi ujumbe, na usikae karibu yake ukimsahihisha. Ataje jina la kitabu na aseme kilimfanyaje. Kama hakukimaliza, aseme aliachia ukurasa wa ngapi na kwa nini. Huo ukurasa alioachia ndio tunaoutaka zaidi.