Ganda la Mzinga Si Chombo cha Maua



Ndugu msomaji, ikiwa ukumbini kwako pana ganda la mzinga lililong'arishwa likatiwa maua ya plastiki, basi makala haya ni yako. Nakuomba usinikasirikie mpaka ufike mwisho.

Mimi ni mtu wa pwani. Riziki na kazi ya kusomesha vimenifikisha Shishiyu, wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba na ng'ombe, mbali na bahari. Mwaka jana niliteremka kwetu kwa arusi, nikashukia nyumbani kwa mpwa wangu, kijana mwema, asiyekosa sala wala adabu. Pembeni mwa mlango, pale ambapo mama yake marehemu alikuwa akiweka mrashi na chetezo, nilikuta maganda mawili ya shaba. Moja lafika gotini, la pili limejaa waridi za plastiki. Juu ya kabati, si mbali na msahafu, zilisimama risasi kubwa tano zimepangwa safu kama askari wa gwaride. Na mjukuu wangu wa miaka saba, aliyekuwa akilelewa humo humo, alizishusha mbele ya macho yangu akaanza kuzichezea mkekani.

Nikauliza, "Mwanangu, vitu gani hivi?"

Akanijibu kwa furaha, "Mjomba, hivi ni vya zamani, vya vita vya Mjarumani. Vimezimwa. Nimevinunua kwa fedha nyingi, na vingine navingojea."

Nilinyamaza, maana mgeni hakosoi nyumba siku ya arusi. Leo najuta kwa kunyamaza kwangu.

Miezi michache baadaye mjukuu yule aliletwa Shishiyu kukaa nami siku za likizo. Huku kwetu watoto huokota chuma chakavu wakamwuzia mnunuzi apitaye na mizani yake. Si ajabu, na si dhambi. Mtoto apata senti za daftari. Siku moja mjukuu wangu alinijia mbio kutoka kwenye rundo la chuma, amekumbatia kifuani kitu kirefu chenye kutu, huku akipiga kelele, "Babu! Babu! Nimepata kama la ami! Tutie maua!"

Wallahi, miguu ilinilegea. Nilipomwambia akiweke chini polepole, na mtu ajuaye mashine akaja kukitazama, kumbe ni kipande cha pampu ya maji. Alhamdulillahi. Lakini usiku ule sikulala. Shishiyu si uwanja wa vita, na kitu kile hakikuwa cha vita. Kilichonikosesha usingizi ni somo alilokuwa nalo yule mtoto kichwani. Ni nani aliyemfundisha kwamba chuma cha umbo lile hukimbiliwa, hukumbatiwa, na huletwa nyumbani? Si mnunuzi wa chuma chakavu. Ni ukumbi wetu wa pwani, kwa shaba yake inayong'aa.

Basi natuulizane. Wenye mapenzi na vitu hivi wana hoja tatu, nami nitazijibu moja moja kwa insafu.

Hoja ya kwanza ni kwamba vimezimwa. Yafaa kwanza tujue tunasema nini. Risasi au kombora kamili lina sehemu zake: ganda la shaba, baruti ya kusukuma iliyomo ndani ya ganda, kiwashio kilichoko kitakoni, na kichwa kiendacho mbele. Kichwa cha kombora la mzinga aghlabu nacho kimejazwa baruti yake na kutiwa fyuzi ya kukipasua. Ganda tupu ambalo kiwashio chake kimekwisha pigwa na ndani hamna kitu, hilo ni shaba tu, sikatai. Lakini je, wewe mwenye kununua sokoni, na mkeo, na mtumishi wako, na mtoto wako wa miaka saba, mwaweza kulitofautisha hilo na lile ambalo bado lina kitu ndani? Umri nao si salama kama tunavyodhani. Baruti haifi kwa uzee. Ya kusukuma huharibika kwa miaka na kwa joto, na ziko baruti za zamani ambazo zikikaa na madini hugeuka zikawa kali zaidi kuliko zilipotoka kiwandani.

Huko Ubelgiji, katika mji wa Ypres, mwezi Machi 2014, kombora la vita vilivyokwisha mwaka 1918 liliwaua mafundi wawili wa ujenzi. Hesabu mwenyewe: karibu miaka mia moja lilikaa ardhini likiwangoja watu ambao hata babu zao pengine hawakuwa wamezaliwa lilipotupwa. Na huko Virginia, Marekani, mwaka 2008, mkusanyaji mmoja wa matufe ya mizinga aliuawa uani kwake na tufe la vita vya wao kwa wao vya mwaka 1861 hadi 1865, alipokuwa akilisafisha. Huyo hakuwa mjinga wa kazi hiyo. Alikuwa amekwisha kusafisha mengi mno kabla ya hilo, na watu wakimwendea kwa ujuzi wake. Ikiwa bingwa alikosea mara moja na mara hiyo ikamtosha, sisi tunaotegemea neno la muuzaji tuna dhamana gani?

Mtu atasema, hayo ni ya Ulaya na Marekani. Haya, turudi kwetu. Mwezi Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, mtoto alikwenda shuleni na kitu alichokiokota, akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Kilikuwa bomu la mkono. Watoto 5 walikufa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Hawakuwa askari, hawakuwa na ugomvi na mtu. Walikuwa na mabegi ya vitabu. Na watu wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa tarehe 29 Aprili 2009 kule Mbagala, wala tarehe 16 Februari 2011 kule Gongo la Mboto, maghala ya jeshi yalipolipuka na makombora yakaruka mpaka kwenye makazi ya watu. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20. Baada ya misiba ile wananchi waliambiwa: ukiona kitu usichokijua, usikiguse, toa habari. Sasa niambieni, mtoto atalitii vipi neno hilo nje, ikiwa nyumbani kitu hicho hicho amekizoea kama mto wa kiti?

Hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Hata kama ganda lako wewe ni tupu kabisa, na una karatasi, na fundi amelikagua, bado umemfundisha mtoto kulipenda umbo lake. Ganda lako halitamwua. Litakalomwua ni ndugu yake ganda hilo, atakayemkuta porini, ufukweni au kwenye rundo la chuma, naye atamkimbilia kwa sababu amemjua kwako.

Hoja ya pili ni historia. Wasema, "Sheikh, hizi ni kumbukumbu za wazee wetu." Laiti ingekuwa hivyo! Mimi napenda historia, na wanafunzi wangu wanajua. Lakini nimewauliza wenye maganda haya maswali mepesi, na wengi hawakuwa na jibu. Ganda hili lilitoka wapi? Lilipigwa na nani? Likamwangukia nani?

Sisi watu wa pwani tumeonja mizinga. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Unguja kwa muda wa kama dakika 40 tu, na watu wapatao 500 wa upande wa Seyyid Khalid wakauawa au kujeruhiwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliipiga Pegasus ya Kiingereza katika maji ya Unguja. Königsberg yenyewe ikaishia katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, lakini mizinga yake 10 ilitolewa ikaendelea kupigana nchi kavu. Nani aliikokota katika matope na pori? Ni watu weusi, kwa kamba na mabega yao. Maganda mengi ya vita vile yalibebwa kichwani na wapagazi kabla ya kupigwa. Wapagazi hao walikufa makumi ya maelfu, kwa njaa, kwa kuhara na kwa homa, zaidi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, liwe la Dar es Salaam au la Nairobi, latokana na kikosi chao. Sanamu za ukumbusho zimesimama Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, wala hutaona jina la mpagazi hata mmoja lililochongwa.

Basi hiyo ndiyo historia. Wewe umeokoa ganda, na jina la aliyelibeba umeliacha lipotee. Umeling'arisha likang'aa kama mdila wa kahawa, ukafuta hata ile kutu ambayo ndiyo ingekuwa shahidi. Atakaye historia na aende Ngome ya Yesu, Mombasa, aone mizinga ya vita vile ikiwa mahali pake, au aende Makumbusho ya Taifa. Au akae na mzee wa mtaani kwake aandike majina ya waliokwenda wasirudi. Karatasi moja ya majina hayo ni kumbukumbu kubwa kuliko kabati zima la shaba.

Hoja ya tatu ni kwamba ni pambo tu, na mali ni yako. Naam, mali ni yako, lakini ukumbi ni wa familia, na jirani anashiriki ukuta wako. Dini yetu imetufunza adabu ya silaha ambayo wengi tumeisahau. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alimwamuru mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Alikataza mtu kupokezana upanga ulio wazi. Alikataza hata kumwelekezea ndugu yako chuma kwa mzaha. Tazameni: mishale ile ilikuwa na wenyewe, ilikuwa halali, na wenyewe hawakukusudia ubaya. Juu ya hayo iliwapasa kuzishika ncha. Ni ipi ncha ya hili ganda lako, na ni nani katika nyumba yako anayeishika?

Na tena pambo lina ulimi. Mama zetu walipamba kumbi zao kwa mrashi, kwa chetezo, kwa sinia na kwa makasha. Mgeni akiingia, vyombo vile vilimwambia: karibu, umeheshimiwa, upo katika amani. Ganda la mzinga lamwambia nini mgeni? Lamwambia kwamba mwenye nyumba amevutiwa na kitu kilichotengenezwa ili kimpasue binadamu mwenziwe. Shaba ni ile ile. Lakini shaba ya mdila ilifanyiwa kahawa, na shaba hii ilifanyiwa maiti.

Mtu mwadilifu atanirudi: "Sheikh, je, si vizuri silaha kugeuzwa chombo cha maua? Si ndiyo amani yenyewe?" Neno hili lina uzito, wala silidharau. Askari wengi wa vita vile vikuu walichonga maganda kwa mikono yao wakafanya vikombe na vibweta, pengine ili kuisahau hofu. Lakini aliyechonga yule alikijua alichokishika, na alikuwa amekilipia kwa machozi. Sisi tunanunua dukani, hatukulia wala hatukujua. Amani haipatikani kwa kutia waridi la plastiki mdomoni mwa mzinga.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwenye kitu ambacho hakijui vizuri, au kina kichwa, au kizito kuliko inavyopasa, asikisafishe, asikikate, asikipashe moto, asikitupe baharini, wala asikipakie kwenye gari kukipeleka kituoni. Akiache kilipo, awatoe watoto, na awaite polisi, nao watawaita wanajeshi wenye ujuzi. Jambo la silaha si la kujiamulia chumbani; hapa Tanzania iko Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Pili, mwenye ganda ambalo wenye ujuzi wamehakikisha kuwa ni tupu, na habari yake yajulikana, aulize makumbusho kama yanalihitaji, na habari ile aiandike. Tatu, kila mzazi amketishe mwanawe usiku wa leo amwambie kwa maneno mepesi: chuma usichokijua usikiguse, usikirushie jiwe, rudi kwa njia uliyojia, umwite mtu mzima.

Mpwa wangu nimekwisha kumwandikia barua. Nimemweleza habari ya mjukuu wangu na lile rundo la chuma la Shishiyu, nikamwomba mahali pale pa mlangoni auweke tena mrashi wa mama yake. Amenijibu kwamba mrashi upo, ila umepata kutu kwa kukaa kabatini. Nimemwambia: hiyo ndiyo shaba ya kung'arisha.

Wabillahi tawfiq.