Bibi Harusi, Usizifiche Ndege Zako



Wiki iliyopita nilikwenda kwa dada yangu kumsaidia kupanga chumba cha mwanawe. Posa imeshapokelewa na harusi ni mfungo tatu, inshaallah. Nilipoingia tu nikaona rafu ya ukutani iko tupu. Rafu ile naijua vizuri, ilikuwa na ndege saba za plastiki, kila moja kaiunganisha na kuipaka rangi kwa mkono wake.

"Ndege zako ziko wapi?" nikamuuliza.

Akaonyesha uvunguni mwa kitanda. Boksi la blenda, limezungushiwa tepu. "Somo kasema nizitoe, mama mdogo. Kasema wakwe wakiziona watasema wamechumbia mtoto wa kiume."

Nilitaka kucheka, lakini nikamwona macho yamemjaa machozi.

Somo wetu namheshimu, na mengi aliyonifundisha mimi mwenyewe yamenisaidia katika ndoa yangu. Lakini katika hili nasema wazi kuwa sikubaliani naye, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, ni kazi gani hii?

Kwa ambao hamjaiona, ndege hizi huja kwenye boksi zikiwa vipande vidogo vidogo vilivyoshikana kwenye fremu. Unakata, unapiga msasa, unaunganisha kwa gundi, kisha unapaka rangi. Spitfire ya Waingereza ya kweli ilikuwa na mita 11 na kidogo kutoka ncha ya bawa moja hadi la pili. Yake, ambayo imepunguzwa mara 72, haifiki sentimita 16. Maduka yake hapa kwetu hakuna. Binamu yake humletea boksi akitoka London, lakini gundi na rangi zenye kuwaka moto haziruhusiwi ndegeni, kwa hiyo hutumia rangi za maji na vitu vya jikoni.

Sehemu anayoipenda kuliko zote ni ya mwisho, nayo ni kuichakaza. Ndege ikishapakwa rangi inang'ara kama toi, na ndege iliyofanya kazi haing'ari. Basi anachukua rangi nyeusi nyepesi kama maji, anaipitisha kwenye mistari ya maungio ya mabati, kisha anafuta kwa kitambaa kufuata njia ya upepo, kutoka mbele kwenda nyuma. Masizi ya ekzosi anayatengeneza kwa chaki aliyoisaga. Na chumvi ya mezani! Anapaka rangi ya fedha kwanza, ikikauka anailowesha kidogo na kunyunyiza punje za chumvi, anapaka rangi ya juu, kisha anaisugua chumvi itoke. Panapobaki ni kama rangi imebanduka na bati limetokeza.

Lakini habanduibandui ovyo. Mlango wa rubani wa Spitfire uko upande wa kushoto, kwa hiyo rangi inayolika zaidi ni ya shina la bawa la kushoto, pale walipokuwa wakikanyaga kupanda na kushuka. Midomo ya bunduki mabawani ilizibwa kwa vitambaa vyekundu. Kitambaa kikiwa kizima, ndege haijafyatua risasi. Kikiwa kimetoboka na masizi yanatiririka chini ya bawa, imetoka vitani. Binti huyu ndiye anayewachora mashoga zake piko siku za harusi. Mkono ni ule ule, na subira ni ile ile.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema ni sanamu. Jambo linalojulikana kwa wanavyuoni ni kutofautisha chenye roho na kisicho na roho, na Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Ndege ni chombo kama gari. Kwenye boksi huwa mna kijitu cha rubani, na yeye hukiacha, hakibandiki. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini asimharamishie mwenzake kwa kudhani.

Wapo wanaosema si mambo ya kike. Hawa nawakumbusha historia. Tarehe 1 Januari 1940 wanawake wanane walianza kazi Uingereza katika shirika la Air Transport Auxiliary, la kupeleka ndege za kijeshi kutoka viwandani hadi viwanja vya jeshi. Hadi vita vinakwisha walikuwa zaidi ya 160. Walirusha hata Spitfire, bila redio, wakitazama reli na mito chini ili wasipotee. Mwaka 1943 wakaanza kulipwa mshahara sawa na wanaume. Mojawapo ya zile ndege saba ni Spitfire ya safari kama hizo: vumbi kidogo magurudumuni, vitambaa vyekundu vizima.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo sitaipuuza. Ndege ya vita imeundwa kuua. Sisi tulioona picha za Gaza tunajua kinachobaki ndege ya namna hiyo ikishapita, na si ajabu mtu akichukia kuiona imepambwa ukutani. Wala visiwa vyetu havikuwa mbali na mambo haya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege nyingine za Waingereza zililipiwa kwa michango na kupewa majina ya mahali palipotoa, na moja ya aina ya FE2b iliandikwa Zanzibar No. 1. Ikaangukia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1916.

Nilimuuliza binti yangu kuhusu hili. Akaniambia, "Mama mdogo, mimi kabla sijaunganisha nasoma kwanza. Ndege ambayo siwezi kusema waliokuwa chini yake yaliwafika nini, siinunui." Kwangu hilo linatosha. Anayeitazama ndege hivyo hatukuzi vita.

Nasaha yangu kwako bibi harusi

Ukweli ni kwamba hofu ya somo si ndege. Hofu yake ni kwamba mume akikujua ulivyo hatakutaka. Hofu hiyo tunarithishana vizazi na vizazi, nayo ndiyo inayotuponza. Unaingia nyumbani kwa mtu ukiwa umeng'arishwa kama ndege iliyotoka boksini, kisha mwezi wa tatu anagundua mke ana mambo yake uvunguni. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Mwambie mapema, mahari hayajafika, mbele ya mahram wako. Mweleze unachopenda, kinachukua saa ngapi kwa wiki na pesa kiasi gani. Boksi moja kwa miezi kadhaa si israfu, lakini maboksi kumi yaliyorundikwa hayajafunguliwa ni israfu, hata yangekuwa ya kanga. Sala isicheleweshwe kwa sababu rangi haijakauka. Fungua dirisha unapopaka, vaa barakoa unapopiga msasa, na Allah akikujaalia ujauzito weka mbali thina na gundi kali.

Na wewe bwana harusi, kama mkeo mtarajiwa amekusomea makala hii, usiseme "tutaona". Sema wazi kama unaridhia au huridhii.

Jioni ile tulikata tepu. Bawa moja lilikuwa limevunjika humo boksini. Dada yangu akasikitika, akasema bora tungeziacha. Binti akalitazama chini ya taa, akasema atalibandika, na alama ya ufa hataifunika kwa rangi. Ijumaa, mchumba alipokuja na mama yake, ndege saba zilikuwa rafuni. Mama mkwe alizitazama kwa muda mrefu, hakusema kitu. Mchumba aliuliza moja tu: "Hii ya kushoto mbona imebanduka rangi upande mmoja?"

Akamweleza habari ya mlango. Walizungumza mpaka chai ikapoa.

Allah awajaalie kheri, awape ndoa zenye ukweli ndani yake. Aamin.